Alice Lakwena: Mama Samaki wa Opit Aliyesikia Sauti, Akaongoza Jeshi, Akazimikia Dadaab

Kama hujawahi kufika Korbesa, wacha nikupatie rada. Ni huku Isiolo ndani kabisa, jirani na Merti, mahali Ewaso Ng'iro inapita ikielekea mashariki na maji yake ya rangi ya chai ya maziwa. Mto ukitoka huku unaenda kuingia kinamasi cha Lorian, halafu mchanga unaumeza. Lakini chini ya ardhi maji bado yako. Kuna hifadhi kubwa ya maji huko chini inayobeba jina la Merti, na imenyooka hadi Garissa. Visima vya kambi za wakimbizi za Dadaab vinavuta maji hapo hapo.

Sasa skiza. Kuna mama mmoja kutoka Uganda aliishia kwenye hizo kambi, pale Ifo, akinywa hayo maji yenye jina la mji wetu jirani. Ungempita njiani usijue ni nani. Na huyo mama aliwahi kuongoza maelfu ya wapiganaji kutoka kaskazini mwa Uganda hadi karibu na Jinja, akabakisha kama kilomita 80 tu afike Kampala. Hakuwa amesomea mambo ya jeshi. Hakuwa bibi ya jenerali. Alikuwa anauza samaki na unga, na kitu ilimtoa sokoni ni sauti ambayo mwanzoni aliisikia peke yake.

Jina lake la kuzaliwa ni Alice Auma. Dunia ilimjua kama Alice Lakwena. Madogo wa miaka ya 2000 wengi hawamjui, na wale wanamjua wameshika tu ile stori ya mawe kugeuka mabomu. Leo tunampitia kutoka mwanzo, kwa sababu maisha yake yanagusa swali ambalo mtaani tunalihepa: msee akisikia sauti ambayo wengine hawaisikii, kunakuwa na nini ndani yake? Na nani anaamua hiyo sauti itampeleka wapi?

Huku kwetu mtu akianza kuongea na hewa, majibu huwa matatu. Wazee wa Kiborana watataja ayyaana, kumaanisha roho imempanda. Wa msikitini watasema ni jini, aitwe sheikh amsomee. Vijana wa base watacheka waseme amechizi, veve imempanda kichwani. Majibu ni matatu, na karibu hakuna mtu anamuuliza mwenyewe anasikia nini.

KABLA YA SAUTI

Alice alizaliwa mwaka wa 1956, Mwacholi wa pande za Gulu. Mbuyu wake, Severino Lukoya, alikuwa katekista wa Kanisa la Anglikana, kwa hivyo Biblia ilikuwa ndani ya nyumba tangu akiwa mtoi. Akakua, akaolewa, watoto hawakupatikana, ndoa ikavunjika. Akaolewa tena, mambo yakawa yale yale. Na tusidanganyane, kwa jamii ya wakati huo na hata ya sasa, mwanamke asiyezaa anabeba mzigo mzito wa midomo ya watu.

Akaamua kujitafutia. Akahamia Opit, kituo kidogo kwenye reli ya kaskazini mwa Uganda, akawa anauza samaki na unga. Hustle ya kawaida. Akaingia pia Kanisa Katoliki. Hadi hapo, huyu ni yule mama unamjua sokoni Isiolo, anaamka mapema, anapanga biashara, jioni anahesabu sarafu.

Nchi yenyewe ndio ilikuwa inachemka. Uganda ilikuwa imetoka kwa Idi Amin, ambaye jeshi lake liliua Waacholi wengi miaka ya 1970. Milton Obote akarudi madarakani 1980, na kufika 1981 Yoweri Museveni alikuwa ameingia msituni kupigana naye. Vita ikachachia Luwero, na vijana wengi wa Kiacholi walikuwa kwenye jeshi la serikali. Kila boma lilikuwa na chali wake huko mbele.

SIKU SAUTI ILIINGIA

Tarehe ambayo wafuasi wake waliishika ni 25 Mei 1985. Hiyo siku, kulingana na simulizi yao, roho inayoitwa Lakwena ilimwingia. Lakwena kwa Kiacholi ni mjumbe. Roho yenyewe ilisemekana ni ya mwanajeshi Mwitaliano aliyekufa karibu na maporomoko ya Murchison wakati wa vita vya dunia, na eti ilijua lugha 74.

Hapo ndipo wengi huanzia stori, na ndipo wanaipotezea maana. Mwanzo haukuwa na shangwe. Alice alipoteza uwezo wa kusikia na wa kuongea. Watu walimwona kama mtu ambaye akili imeruka. Mbuyu wake alizunguka naye kwa waganga 11, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia.

Simama hapo kidogo. Kabla mtu yeyote amwite nabii, Alice alikuwa mgonjwa wa kuzungushwa. Ni mwili ule ule, ni roho ile ile, lakini jina alilopewa na watu lilikuwa tofauti kabisa na lile la mwaka uliofuata.

Kisha akapotea. Simulizi inasema roho ilimpeleka Paraa, ndani ya mbuga ya Murchison Falls, akakaa huko siku 40. Ukiwa umelelewa na katekista unajua hiyo hesabu inatoka wapi. Inasemekana huko porini roho iliketi kama korti. Wanyama waliulizwa kuhusu vita ya binadamu, wakaja kuonyesha vidonda vyao. Maji yenyewe pia yaliulizwa maswali.

Unaweza kucheka. Lakini angalia kitu: nchi nzima ilikuwa inauana, na huyu mama anaona vidonda hadi kwa wanyama. Maruerue hayatoki hewani tu. Hubeba vitu ambavyo tayari viko kwa maisha ya mtu: dini yake, hofu yake, vita yake, lugha ya kwao. Mtu wa Korbesa hawezi kuona mtakatifu wa Kirusi ambaye hajawahi kumsikia. Ataona ngamia, ataona babu yake, atasikia anaitwa kutoka upande wa mto.

Aliporudi Opit alikuwa anasikia na anaongea tena. Akaanza kutibu watu na kubashiri karibu na kile kituo cha reli. Wagonjwa wakaja.

INAKUWAJE HASA?

Tuweke Alice pembeni dakika mbili, tuongee kuhusu hii kitu yenyewe, kwa sababu sinema zimetudanganya sana.

Kwanza, sauti ya maruerue haifanani na wazo. Ile sauti ya ndani unayotumia kusoma hii stori, unajua ni yako, hata hushtuki. Sauti ya maruerue mara nyingi huja na mahali pake: nyuma ya bega, kona ya nyumba, juu ya mabati. Inaweza kuwa ya mzee au ya mtoto, ya mwanaume au ya dem, na lafudhi yake kabisa. Unageuka kuangalia hata kabla hujafikiria. Ndio maana kumwambia mtu kwamba hakuna kitu hapo hakumsaidii. Masikio yake yamemwambia kiko.

Pili, haiombi ruhusa na haina swichi. Kuna mwenye kusikia jina lake tu likiitwa. Kuna mwenye kusikia mbogi nzima ikimjadili, ikitangaza kila anachofanya kama mtangazaji wa mechi: sasa amesimama, sasa amefungua mlango. Kuna sauti za matusi. Kuna sauti za kubembeleza. Na kuna zile za kutoa amri, ambazo ndizo za kuangaliwa kwa makini zaidi.

Tatu, si masikio pekee. Kuna wenye kuona vivuli, watu, wanyama. Kuna wenye kunusa harufu ya kitu kuungua na hakuna moto. Kuna wenye kuhisi wadudu wakitembea chini ya ngozi.

Ubongo unafanyaje hivyo? Jaribu kujitekenya kwapani. Hucheki, si ndio? Ni kwa sababu ubongo unajua mkono ni wako, kwa hivyo unapunguza makali ya hicho kitendo mapema. Watafiti wengi wanaona kitu kama hicho hufanyika na maneno pia. Ukijiongelesha kichwani, ubongo huweka alama kwamba huyu ni mimi. Hiyo alama ikipotea, maneno yaliyotengenezwa ndani yako yanasikika kama yametoka kwa mtu mwingine. Ukiweka mtu kwa mashine ya kupiga picha ya ubongo akiwa anasikia sauti, sehemu za lugha na za kusikia huwaka kweli. Si kwamba anajifanya. Anasikia.

Na si kila anayesikia ni mgonjwa. Wengi wetu tumewahi kusikia jina letu likiitwa tukiwa kati ya usingizi na kuamka. Huko Wales mwaka wa 1971, daktari mmoja aliyeitwa Dewi Rees alichapisha kazi aliyofanya na wajane 293, wanaume kwa wanawake. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi mwenzao aliyekufa yuko nao. Wengine walimwona, wengine walimsikia. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, na wengi walisema ilikuwa inawafariji. Hakuna aliyepeleka mtu wodini.

Upande mwingine kuna sababu za kuwahi hospitali haraka: malaria imepanda kichwani, homa kali, kifafa, pombe iliyokatwa ghafla baada ya miaka ya kulewa. Na wasee wa Isiolo, hii ni yetu: kutafuna veve usiku na mchana bila kulala kunaweza kufungua huo mlango. Mwili ukinyimwa usingizi siku kadhaa, ubongo unaanza kuota macho yakiwa wazi.

Sasa rudi kwa Alice, kwa sababu yake ilikuwa na kitu zaidi. Kuna kusikia, na kuna kupandwa. Roho ikimpanda, yeye mwenyewe alikuwa hayupo. Alikaa kwa kiti amevaa kanzu nyeupe, roho ikaongea kwa kinywa chake, na karani akaandika yote. Roho ikishatoka, Alice hakukumbuka kitu. Ilibidi aelezwe na karani. Fikiria kuishi hivyo: watu wote kambini wanajua umesema nini asubuhi, isipokuwa wewe.

VIJANA WALIORUDI NA WAFU

Kama Alice angekuwa peke yake na sauti yake, pengine stori ingeishia Opit. Lakini 1986 kaskazini mwa Uganda, yeye hakuwa peke yake.

Obote alipinduliwa Julai 1985, na tarehe 26 Januari 1986 jeshi la Museveni likachukua Kampala. Wanajeshi wa Kiacholi wakahepa kurudi nyumbani. Walirudi na bunduki, na walirudi na kitu kingine ambacho hakionekani. Waacholi wanakiita cen: roho ya kisasi ya mtu aliyeuawa vibaya, inayomfuata muuaji hadi kwake. Mtu mwenye cen huona nyuso usiku. Husikia vilio. Huamka anapiga kelele. Na balaa haliishii kwake, linaambukiza boma nzima.

Zamani kulikuwa na njia. Shujaa akirudi kutoka vitani alitakaswa na wazee kabla ya kuruhusiwa kukaa na watu. Lakini hii vita ya Luwero ilikuwa na maiti nyingi kupita desturi, na vijana wengi hawakutaka kuinama mbele ya wazee. Wazee walikuwa wanawaona kama laana. Vijana walikuwa wanaona wazee kama watu wa kale. Katikati hapo usiku ulikuwa mrefu sana.

Siku hizi daktari angeita sehemu ya hayo majeraha ya akili ya vita, na angekuwa sawa. Lakini hakukuwa na daktari. Kulikuwa na mama mmoja kule kwa reli ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametoka upande ule wa giza akiwa hai, na anasema anaweza kukuosha damu.

Ukiweka hivyo, unaelewa kwa nini walikuja. Mtu anayesikia wafu hamfuati anayemcheka. Anamfuata anayemwambia kwamba anajua anachosikia na ana dawa yake.

AGOSTI 1986: AMRI INABADILIKA

Tarehe 6 Agosti 1986 sauti ikabadilisha kazi. Kulingana na simulizi ya kundi lake, Lakwena alimwamuru aache kutibu. Haina maana kuponya watu leo halafu wapigwe risasi kesho. Aunde jeshi apigane na uovu. Jeshi likaitwa Holy Spirit Mobile Forces.

Ona vile kitu imegeuka. Mwaka mmoja nyuma hiyo sauti ilikuwa inamziba mdomo. Ikaja ikamfanya mganga. Sasa inamfanya kamanda. Kila hatua kulikuwa na watu wa kuipokea, na kila walipoipokea ilikua kubwa zaidi.

Alianza na wanajeshi wachache waliotoka kwa kundi lingine la waasi pande za Kitgum. Wakaongezeka hadi maelfu. Hesabu nyingi husema kati ya 7,000 na 10,000. Wengine walikuwa wanajeshi wa zamani, wengine wanafunzi na wasomi, wengine wakulima tu.

Roho nazo zikaongezeka, na zilikuwa na vyeo na kazi. Kulikuwa na Wrong Element, anayesemekana alitoka Marekani na alikuwa mkali. Kulikuwa na Ching Po wa pande za Asia. Kulikuwa na Franko kutoka Zaire. Kulikuwa na Nyaker, nesi wa Kiacholi. Ukiangalia vizuri hiyo orodha ni kama taarifa ya habari ya wakati huo: Marekani, Zaire, Asia, jeshi, hospitali. Kichwa cha mama mmoja wa Opit kilikuwa kimebeba dunia nzima.

SHERIA 20

Jeshi la Lakwena lilikuwa na sheria 20, na zilikuwa kali kushinda za bweni. Hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna ngono, hakuna kuiba, hakuna uchawi. Usiue nyoka wala nyuki, hao ni wapiganaji wenzako. Kulikuwa na moja iliyosema mwanaume awe na korodani mbili, zisizidi, zisipungue. Na ile iliyoua watu wengi zaidi: ukiwa vitani usijifiche. Si nyuma ya mti, si nyuma ya kichuguu.

Kwa hivyo walienda vitani wakiwa wima, wamejipaka mafuta ya shea kifuani, wakiimba nyimbo za kanisa, wakiamini risasi haitamgusa aliye safi. Wengine walibeba mawe yaliyoombewa wakiamini yatalipuka kama mabomu.

Utauliza vile watu wenye akili zao walikubali. Jaribu kuwa upande wa pili kwanza. Wewe ni askari, umekaa kwa handaki, halafu unaona mamia ya watu wakija wamenyooka, wanaimba, hawainami. Mwanzoni kuna waliotupa bunduki wakatoroka. Desemba 1986 huko Corner Kilak kundi la Alice lilishinda. Na ushindi mmoja unafunga midomo mingi. Nani atabishana na sauti ambayo imeshinda?

Halafu kuna hii: ukishaamini hivyo, kila kitu kinathibitisha imani. Mwenzako akikosa risasi, ni kwa sababu yuko safi. Akipigwa, ni kwa sababu alivunja sheria, labda alivuta sigara kisiri. Sauti haiwezi kukosea. Mwenye makosa ni maiti. Hapo ndipo naona uchungu wote wa hii stori. Watoto wa watu walikufa wamesimama, na wakalaumiwa kwa kufa.

Januari 1987 walirudi Corner Kilak, na hiyo siku walichapwa vibaya. Hata hivyo mwaka huo wote waliendelea kusonga kusini, wakapitia Lira, Soroti, hadi Tororo. Kila walipoenda mbali na nyumbani, lugha ikabadilika, na watu wa huko hawakuwa na cen za Luwero za kuoshwa. Wengine waliona tu jeshi geni limeingia shambani.

JINJA, MWISHO WA LAINI

Mapema Novemba 1987, kwenye misitu karibu na Jinja, jeshi la serikali likawamaliza kwa silaha nzito. Nyimbo hazikuzuia mizinga. Waliobaki wakatawanyika.

Alice akavuka mpaka kuingia Kenya. Kabla mwaka uishe alikuwa ameshikwa, akafungwa miezi michache kwa kuingia nchini bila kibali.

Nyuma yake sauti haikunyamaza, ilihama tu. Mbuyu wake Severino akatangaza kwamba roho sasa iko kwake, akakusanya mabaki ya wafuasi. Na kijana mwingine wa Kiacholi, Joseph Kony, ambaye wengi humtaja kama ndugu wa ukoo wa Alice, naye akatangaza ana roho zake. Wengine waliokuwa kwa Alice wakaishia kwake. Cha Kony kikawa ndicho kile kundi la LRA ambalo liliteka maelfu na maelfu ya watoto na kukata watu midomo na masikio. Lugha ilikuwa ile ile ya roho na utakaso, lakini aliyeishika alikuwa mtu mwingine, na matokeo yake ni jinamizi lililodumu zaidi ya miaka 20.

IFO

Alice hakurudi msituni. Akawa mkimbizi, na mwishowe akaletwa Dadaab, kambi ya Ifo, kwenye jua ambalo sisi wa Korbesa tunalijua vizuri: joto, vumbi, miba, na upepo unaopiga mahema mchana kutwa. Kwa mtu aliyetoka kwenye kijani cha Acholi, hiyo ilikuwa dunia nyingine. Wasomali walikuwa ndio wengi, Waislamu, na kwao yeye alikuwa jirani tu.

Waandishi wa habari walimfikia mara moja moja. Aliongea kuhusu amani, na miaka yake ya mwisho alidai amepata dawa ya ukimwi. Dunia ikasoma, ikatabasamu, ikafungua ukurasa wa michezo. Hakukuwa tena na karani wa kuandika kila neno. Hakukuwa na maelfu wakisubiri asubuhi waambiwe roho imeamka na nini.

Alizimika tarehe 17 Januari 2007, akiwa na miaka kama 50. Mwili ulirudishwa Uganda, akazikwa kwao Gulu.

WEWE NA MSEE WAKO

Kuna watu watasoma hadi hapa waseme alikuwa mwendawazimu, basi. Hiyo haielezi kwa nini maelfu walimfuata. Wengine watasema alikuwa na roho kweli. Hiyo haiwarudishi waliokufa wakiwa wima. Mimi naona kitu kimoja kimesimama katikati ya yote: sauti ilianza kwa Alice, lakini waliomzunguka ndio walioipa kazi. Waganga 11 walimuita mgonjwa wakashindwa. Wagonjwa wa Opit walimfanya mponyaji. Wanajeshi waliovunjika walimfanya kamanda. Ifo ilimfanya jirani.

Kuna utafiti unaenda upande huo huo. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliongea na watu 60 wenye ugonjwa mzito wa akili wanaosikia sauti: 20 kutoka San Mateo huko California, 20 kutoka Accra Ghana, 20 kutoka Chennai India. Kazi hiyo ilichapishwa miaka ya 2014 na 2015. Wamarekani wengi walisikia chuki na damu, na waliziona sauti kama uvamizi. Accra wengi walizungumzia sauti ya Mungu ikiwatuliza. Chennai wengi walisikia jamaa zao, wakiwashauri, wakiwagombeza, hata wakiwakumbusha kazi za nyumbani. Ugonjwa ni ule ule, lakini sauti zina tabia tofauti kulingana na jamii iliyokulea. Watu wanakuwa wakali kwako, sauti nazo zinakuwa kali.

Kwa hivyo ukiwa na bro, siz ama rafiki ambaye ameanza kusikia vitu, fanya hivi.

Muulize anasikia nini, na umwache amalize. Usicheke, usirekodi video. Usimwambie anadanganya, maana anasikia. Pia usijifanye unasikia nawe, hapo ndipo maelfu walipotelea. Mwambie tu wewe husikii, lakini unaamini yeye anasikia, na unaona inamchosha.

Muulize kama hiyo sauti inampa amri. Ikimwambia ajiumize au aumize mtu, usimwache peke yake, na hospitali iwe leo, si wiki ijayo. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Isiolo mjini, na kutoka huku tunajua barabara ni ngori, lakini ni barabara ile ile tunayoipita na mgonjwa wa nyoka.

Aangaliwe malaria na homa. Aache veve kwanza. Alale. Kuna dawa zinazopunguza sauti, na wengi wanaozitumia wanafanya kazi, wanaoa, wanalea. Sheikh akija kusoma, asome, na mzee wa ayyaana akija na kahawa yake, akaribishwe. Muhimu ni mgonjwa asifungwe kamba kwa mti, asinyimwe chakula, na dawa isitupwe.

Alice Auma alizungushwa kwa watu 11 kabla mtu yeyote amkalie chini kumsikiza, na waliomsikiza mwishowe walikuwa wanatafuta vita. Kama kuna mtu hapo kwenu anaongea na hewa usiku huu, kuna nafasi moja iko wazi kando yake. Ikae nani? Afadhali ukae wewe, na chai ya moto, kabla hajapata wa kumpa bunduki.